Tundu la Usukani: Kutoka Kilifi Hadi Matondoni

Msomaji, neno "usukani" unalisikia kila siku. Dereva wa matatu ya Kangemi hushika usukani, waziri mpya hukabidhiwa usukani wa wizara, na kocha hupokonywa usukani wa timu ikifungwa mechi tatu mfululizo. Lakini je, umewahi kujiuliza neno hili lilitoka wapi kabla halijaingia garini? Lilitoka baharini. Usukani ni lile bapa lililo nyuma ya chombo, ndani ya maji, ambalo nahodha huligeuza ili chombo kielekee atakako. Asili yake ni neno la Kiarabu, sukkan, na mabaharia wa mwambao wetu walilizoea zamani sana, wakati ambapo hapakuwa na gari hata moja Mombasa.

Leo nakualika tuufuate usukani huo hadi kwao. Safari yetu itaanzia Kilifi na kuishia Matondoni, katika kisiwa cha Lamu. Jua na mchanga vitakuwapo njiani, lakini tunachokwenda kutazama ni tundu. Naam, tundu! Tundu dogo kiasi cha kupita mkono wa mtoto, lililo chini ya chombo, ambalo likizibwa vibaya huweza kuizamisha mali ya mamilioni ya shilingi pamoja na watu waliomo.

Wewe mwanafunzi wa fizikia, chukua kalamu. Tuseme chombo kina tundu la upana wa sentimita mbili na nusu, na tundu hilo liko nusu mita chini ya uso wa maji. Maji yatalipita kwa kasi ya mita tatu hivi kwa sekunde. Ukipiga hesabu vizuri, na kuyapunguza kidogo kwa kuwa maji hujibana yanapopita penye wembamba, utapata kiasi cha lita 55 kwa dakika. Hayo ni karibu mitungi mitatu ya lita 20, ile unayonunulia maji mtaani bomba likikauka. Mitungi mitatu kila dakika, usiku na mchana, na hakuna wa kuifunga koki.

Sasa tuanze safari.

Chini ya daraja la Kilifi

Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni mwendo wa kilomita 60 hivi kuelekea kaskazini. Zamani gari lilisimama hapo likangoja feri, na watu wakanunua korosho huku wakingoja. Tangu mwaka wa 1991 kuna daraja, na siku hizi abiria wengi hupita juu yake wakiwa wamesinzia. Wewe usisinzie. Ukiwa katikati ya daraja, tazama chini upande wa bara. Utaona mkono mpana wa bahari ulioingia nchi kavu, maji yake ya buluu na kijani, na juu yake mashua za matanga nyeupe zimetia nanga, zimetulia kama bata.

Shuka hapo. Upande wa kusini kuna magofu ya Mnarani, yenye misikiti ya kale na kaburi lenye nguzo, na watoto wakitaka kutembea watafurahi. Sisi tuteremke majini.

Mashua zile nyingi ni za starehe. Baadhi yake ni za wenyeji wa hapa, na nyingine zimetoka mbali, Afrika Kusini, Madagaska au Shelisheli, zikifuata pepo zile zile walizozifuata mababu. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na kaskazi hushuka kutoka kaskazini mwezi wa Desemba hadi Machi. Zimeundwa kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Mwili wake ni kipande kimoja, laini kama sahani, usio na maungio ya mbao. Mtu angedhani haziwezi kuvuja kamwe.

Huvuja. Na mojawapo ya mahali zinapovujia ni kwenye usukani.

Sababu yake ni hii. Katika mashua nyingi za aina hiyo, bapa la usukani halining'inii nyuma bali liko chini ya tumbo la mashua. Kutoka kwenye bapa hilo hupanda chuma kinene cha mviringo, shafti, ambacho hupenya sakafu na kuingia ndani, ambako hufungwa kwenye gurudumu au mkono wa kuongozea. Ili shafti ipite, lazima mashua itobolewe. Kisha tundu hilo lazima lizibwe, lakini lizibwe kwa namna ambayo shafti itaendelea kugeuka kulia na kushoto maelfu ya mara. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kuziba tundu lisilo na kitu ni kazi ya mtoto mwenye kizibo cha chupa. Kuziba tundu ambamo kitu kinazunguka ni kazi ya fundi.

Kuna wenye mashua ambao, wakiona maji, hukimbilia dukani wakanunua silikoni ile ya kuzibia sinki na dirisha, wakaipaka pande zote za shafti. Siku mbili tatu huona fahari. Siku ya nne, usukani umekwisha kugeuka mara nyingi, gundi imebanduka, na maji yamerudi. Gundi hushika vitu viwili vilivyotulia. Kitu kinachosogea kinataka dawa nyingine.

Kitani na shahamu

Dawa yenyewe ni ya kale, na ukiiona utashangaa kuwa mashua yenye mitambo ya setilaiti bado inaitegemea. Ni uzi na mafuta.

Juu ya lile tundu, kwa ndani, hufungwa kikombe cha shaba ambacho shafti hupita katikati yake. Kati ya shafti na ukuta wa kikombe huachwa nafasi ndogo, unene wa penseli hivi au chini yake. Nafasi hiyo hujazwa pete za uzi wa kitani uliosukwa pande nne na kulowekwa shahamu au nta. Kisha juu yake huja kifuniko kinachokazwa kwa nati. Nati ikikazwa, pete zile hubanwa, na zikibanwa hupanuka kwa upana, zikaikumbatia shafti pande zote. Maji hayana pa kupita, na kwa sababu uzi una mafuta, shafti hugeuka bila kukwaruzwa. Siku hizi wapo wanaotumia nyuzi za tefloni badala ya kitani, lakini kazi ni ile ile.

Ukibahatika kumkuta fundi akifanya kazi hii, kaa chini utazame. Kwanza hukausha sehemu yote kwa kitambaa, kisha hunyunyiza unga mkavu kuzunguka kikombe. Unga ukilowa upande mmoja, amejua maji yanatokea wapi. Wengine huonja! Maji ya chumvi yametoka baharini. Yakiwa baridi, yaani yasiyo na chumvi, huenda tangi la kunywa ndilo linalovuja, na usukani ulisingiziwa bure.

Baada ya hapo hufungua kifuniko na kuzitoa pete kuukuu kwa kulabu nyembamba. Hutoka zimekauka, ngumu, nyeusi, kama kamba ya viatu iliyosahauliwa mvuani. Hapa ndipo palipo na uvivu mwingi. Fundi mvivu huongeza pete mpya juu ya zile kuukuu. Fundi wa kweli huzitoa zote hadi ya mwisho, akaisugua shafti na kuikagua kwa kidole, kwa kuwa hata chuma cha pua kikifungiwa penye unyevu pasipo na hewa hutoboka vishimo vidogo vidogo.

Kisha huikata kamba mpya. Hukata kila pete kwa mshazari ili ncha zake zilaliane, na anapozipanga hahakikishi tu kuwa zimeingia. Huhakikisha kuwa maungio hayakai juu ya mengine. La kwanza likiwa mashariki, la pili huelekea magharibi. Maungio yakipangana mstari mmoja, amewachorea maji njia. Hupaka grisi, hukaza nati kwa mkono, halafu kwa spana kidogo tu. Huenda kwenye gurudumu akaugeuza usukani kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Ukiwa mzito, amekaza mno. Nati ikikazwa kupita kiasi, nahodha atachoka mikono, na zaidi ya hayo, hatauhisi tena mvuto wa maji kwenye usukani wake, sawa na dereva ambaye breki zake zimekufa ganzi.

Na ikiwa shafti yenyewe inatikisika? Hapo uzi hautasaidia. Fundi wa gari kule Grogan, Nairobi, atakuelewa mara moja ukimwambia kuwa bushi imelika. Usukani una bushi zake pia, na zikilika shafti huyumba, ikazipondaponda pete mpya kwa wiki chache. Itabidi mashua itolewe majini, bushi zibadilishwe.

Lipo jambo moja linalowadanganya wengi. Mashua ikiwa imetia nanga, mara nyingine kikombe kile kiko juu kidogo ya usawa wa maji. Hakuna hata tone. Mwenyewe hutazama akaridhika. Lakini ikishika mwendo, sehemu ya nyuma, yaani tezi, huzama kidogo, na kikombe kikawa chini ya maji. Hapo huanza kudondoka, naye yuko juu ameshughulika na matanga. Tone moja kila sekunde hufikia lita 4 kwa siku, ambazo hazizamishi mtu. Ila tone ni habari. Leo tone, kesho mchirizi.

Shafti ya rafadha, ile inayosukumwa na injini, huruhusiwa kudondosha matone machache ili ipoe, kwa kuwa huzunguka kwa kasi. Usukani hauzunguki kwa kasi, hivyo hauna udhuru. Ukidondosha, umeharibika.

Wapo wanaounda mashua kwa akili zaidi. Badala ya kikombe, hulipandisha bomba la shafti hadi juu kabisa, karibu na sitaha. Maji huingia ndani ya bomba, hupanda hadi usawa wa bahari, yakakoma hapo. Hakuna cha kuziba. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora, ingawa bomba hilo hula nafasi ambayo mwenye mashua angependa kuweka kitanda.

Ama kazi yenyewe hufanywa wapi? Kama hakuna chelezo cha kuipandishia mashua, bahari yetu humsaidia fundi bila malipo. Wakati wa bamvua, maji ya Kilifi hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi. Mashua hufungwa kwenye nguzo maji yakiwa yamejaa, kisha maji hupwa kwa muda wa saa sita hivi, ikabaki imesimama mchangani. Fundi hujua ana saa chache tu za kufungua, kusafisha na kufunga. Bahari ikirudi na kikombe kiko wazi, hakuna wa kuibembeleza ingoje.

Njia ya Lamu

Kutoka Kilifi, basi hupita Malindi na Garsen, likavuka nchi ya Mto Tana na kufika Witu, hadi Mokowe. Sehemu ya Garsen hadi Lamu, ambayo zamani ilikuwa tope na mashimo, sasa ina lami. Kabla ya kusafiri na watoto, uliza hali ya usalama ya njia hiyo, kwa kuwa imewahi kuwa na misukosuko. Mokowe ndipo gari linapofikia mwisho. Ng'ambo ya maji ni mji wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, na ambako punda hufanya kazi ya lori.

Mji wenyewe umeandikwa sana, nami sitaurudia. Wewe lala usiku mmoja, kula mkate wa mofa na samaki, asubuhi ingia jumba la makumbusho lililo ufuoni utazame mifano ya vyombo, kisha utafute njia ya Matondoni.

Matondoni ni kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa, kinachotazama bara. Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili hivi kwenye mchanga. Ukikaribia, kabla hujaona kitu, utasikia. Ko! Ko! Ko! Ni nyundo ya mti inapiga patasi. Fundi anatia kalafati.

Neno hilo, kalafati, nalo lina asili ya Kiarabu. Ni kuziba nafasi iliyopo kati ya ubao na ubao. Chombo cha mbao, kiwe jahazi au mashua, kimejaa nafasi hizo tangu mkuku hadi ukingoni. Mwenye mashua ya faiba ana tundu moja la kumkosesha usingizi. Mwenye jahazi ana mistari na mistari, na kila mstari ni mlango wa maji. Wenyeji watakwambia "mai", kwa kuwa Kiamu hakitamki maji kama tutamkavyo sisi.

Chombo utakikuta kimeegemezwa kwenye magadi, yaani miti ya kukizuia kisilale ubavu. Fundi huikwangua kalafati ya zamani, kisha huchukua pamba, akaisokota pajani mpaka iwe kamba, akailoweka mafuta. Ni mafuta ya nazi, ya simsim, au ya papa, kwa kadiri ya alichonacho. Huisukuma kamba hiyo ndani ya ufa kwa patasi butu na kuigonga. Mwanzoni sauti ni nzito, ya kitu laini. Pamba inavyojaa, sauti hupanda, ikawa kavu. Fundi mzoefu hahitaji kuchungulia, sikio lake linajua.

Wala hagongi kupita kiasi. Mbao zilizokaa juani zimesinyaa, na chombo kikishushwa zitakunywa maji na kuvimba. Kama ufa umeshindiliwa pamba mpaka hakuna nafasi, mbao zikivimba zitasukumana na misumari itang'oka. Ndiyo maana chombo kilichoshuliwa leo huvuja kidogo siku ya kwanza na ya pili, na mabaharia hawashtuki. Hukumba maji na kungoja mbao zishibe.

Msomaji makini atakuwa ameona kitu hapa. Kitani na shahamu kule Kilifi, pamba na mafuta hapa Matondoni. Pete zile hazikazwi mno usukani usije ukawa mzito, na pamba hii haigongwi mno misumari isije ikang'oka. Fundi wa faiba na fundi wa mbao hawajawahi kuonana, mmoja ana spana na mwingine ana patasi, lakini wote wawili wanaziba kitu kinachosogea, na wote wametia kitu laini chenye mafuta kinachokubali kusogea nacho.

Kalafati ikimalizika, chini ya chombo huchomwa kwa mienge ya makuti ili kuwaua wadudu wa baharini watoboao mbao. Wadudu hao ni adui mkubwa kuliko mwamba, kwa kuwa hula ndani kimyakimya na nje ubao unaonekana mzima. Kisha hupakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu. Sehemu ya juu hupakwa mafuta ya papa, yaitwayo sifa. Usivae shati unalolipenda! Harufu ya sifa itakufuata hadi nyumbani, na majirani watakuuliza umepika nini.

Usukani unaoning'inia

Sasa zunguka nyuma ya chombo, kwenye tezi. Tazama usukani. Ni ubao mzito, mrefu kumzidi mtu katika majahazi makubwa, nao umening'inizwa nje kabisa kwa vyuma mfano wa bawaba za mlango. Juu yake hutokea mti wa kuugeuzia, uitwao kana. Kana hupita juu ya ukingo wa chombo na kumfikia nahodha mkononi. Hakuna shafti inayopenya chochote. Hakuna kikombe wala pete. Hakuna tundu.

Msalimie fundi kwa adabu, halafu mwulize, "Mzee, mbona usukani wenu hauna tundu kama wa mashua za Wazungu?" Usishangae akikucheka na kukujibu, "Mwanangu, nitoboe chombo kwa mkono wangu mwenyewe, halafu niketi kuziba?"

Ni jibu zito. Hata hivyo, tusiwapunje wale wa Kilifi. Usukani ulio chini ya tumbo una faida zake. Maji huusukuma mbele na nyuma ya shafti, hivyo hugeuka kwa urahisi, hata msichana wa miaka kumi na miwili anaweza kuongoza mashua ya tani kadhaa kwa vidole. Usukani wa jahazi katika bahari iliyochafuka hutaka mabega ya mtu mzima, na pengine watu wawili. Tena, jahazi likipwelea kwenye fungu, usukani ndio wa kwanza kuumia usipong'olewa mapema. Tundu lile ni bei ya wepesi. Aliyelitoboa alijua anachonunua, na inampasa aendelee kulipa kila mwaka kwa kulikagua.

Zamani za mbali mambo yalikuwa magumu zaidi. Kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara cha karne ya kwanza, kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinataja vyombo vilivyoshonwa katika mwambao huu. Jamii ya vyombo hivyo iliendelea hadi karne ya 20 kwa jina la mtepe, ambao waundaji wake mashuhuri walikuwa watu wa visiwa vya Lamu. Mtepe haukuwa na msumari. Mbao zilitobolewa pembezoni zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na kila tundu la mshono likazibwa kwa nyuzi za makumbi hayo hayo. Tanga lilikuwa la majani yaliyosukwa kama mkeka. Hebu fikiria idadi ya matundu! Mtepe ulivuja mno, na baharia mmoja au wawili walikuwa na kazi moja tu safari nzima, kukumba maji. Lakini mishono ilikubali kunyumbulika, na mtepe ukipigwa na wimbi au ukipanda fungu, ulijikunja kidogo pale ambapo chombo cha misumari kingepasuka.

Leo mwundaji wa Lamu ana taabu nyingine. Mbao nzuri ni adimu, na marufuku ya kukata miti ya mwaka wa 2018 iliwabana mafundi. Boti za faiba zenye injini zinaingia kwa wingi kwa kuwa hazitaki kalafati. Mwaka huo huo wa 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa vipande vya malapa, nacho kilisafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Mimi nilipendezwa nacho, ila kilichonipendeza zaidi ni kuwa plastiki ile ilichongwa na mikono iliyojifunza kwa mbao. Kijana asiyekaa na mzee kusokota pamba hataijua sauti ile ya patasi. Na mashua za mbao bado zipo, zinabeba wanafunzi na akina mama na magunia ya unga kila siku. Kalafati yake ikitiwa na asiyejua, watakaoketi ndani ni hao hao.

Kabla hujapanda

Kwa hivyo mzazi, siku utakapowapeleka watoto baharini, iwe Lamu, Kilifi, Mtwapa au Wasini, usione haya kutazama. Kwanza chungulia ngama, lile shimo la chini kabisa ambamo maji hukusanyika. Maji kidogo si kitu, chombo cha mbao kisichokuwa na maji ngamani ni cha kwenye picha. Lakini muulize nahodha, "Bwana nahodha, tangu lini hayajakumbwa?" Akisema tangu jana, starehe. Akisema tangu asubuhi, na sasa ni saa nne, na maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, shukuru na utafute chombo kingine.

Tazama kama kopo la kukumbia lipo. Tazama usukani: ukitikiswa kwa mkono, je, unacheza kwenye bawaba zake kama jino la mtoto? Kama ni mashua ya faiba yenye gurudumu, omba uonyeshwe nyuma, chini ya sakafu, pale shafti inapoingilia. Pakavu, penye grisi safi, ni dalili ya mwenyewe anayejali. Pakiwa na chumvi nyeupe iliyoganda na kutu, pameanza kuvuja siku nyingi. Jaketi za kuokolea ziwe za kutosha kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Nahodha mwema hatachukia maswali haya.

Ukitaka kwenda Matondoni kwa mashua badala ya miguu, panga safari yako na maji. Mlango wa bahari unaopita kati ya kisiwa na bara una mafungu mengi, hivyo ondoka Lamu mjini maji yakijaa, na mwambie nahodha mapema unataka kukaa kwa mafundi muda gani. Beba kofia na maji ya kunywa. Ukinogewa na nyundo za kalafati hadi maji yakapwa, mashua yako itakaa mchangani mpaka jioni, na kama una haraka, itabidi ukodi punda.